Misumari Arobaini na Minne ya Alcide

Jumatano, tarehe kumi na nne Mei, saa moja na dakika arobaini asubuhi, mnyororo ulikuwa umekatiza njia pale msitu wa Ludger Plourde unapoanzia. Ulizungushwa kwenye miti miwili, na kati ya chuma na gome la mti palikuwa na vipande vya mpira wa tairi ili mti usichubuke. Katikati ya mnyororo kilining'inia kibao chenye neno moja, IMEFUNGWA. Kibao kilishikiliwa kwa kamba. Hakikuwa na msumari.

Bernadine Guerrette alizima pikipiki yake ya magurudumu manne, akakisoma kibao mara mbili, akatazama saa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Kwa miaka thelathini na mmoja alipima malori ya viazi kwenye mizani ya kiwanda, na kwa kumi na tisa ya mwisho kati ya hiyo, bila malipo, alikuwa pia msimamizi wa njia wa chama cha pikipiki za msituni huku juu ya bonde, jimboni Maine. Mizani aliiacha alipostaafu. Njia hakuiacha.

Njia ina urefu wa maili sitini na mbili. Inapita kwenye ardhi ya watu arobaini na mmoja, na hakuna hata mmoja kati yao anayelazimika kuipitisha. Kila Aprili, theluji ikiwa bado imelala upande wa kivulini wa mapaa, Bernadine huenda jiko kwa jiko na karatasi ya ruhusa, hula anachotengewa, huondoka na sahihi. Mwenye ardhi anaweza kuifuta sahihi hiyo siku yoyote. Msitu wa Ludger ulishika maili moja na robo tu ya njia, lakini ni maili iliyokaa katikati. Mashariki yake ni kinamasi, magharibi ni barabara ya lami ambako pikipiki hizo haziruhusiwi. Bila Ludger, chama kingekuwa na njia mbili zisizofika popote, na Jumamosi saa sita mchana ndipo msimu ulitakiwa kufunguliwa.

Aligeuza pikipiki akaenda nyumbani kwa Ludger kwa kuzunguka. Ilimchukua dakika hamsini.

Ludger alikuwa jikoni. Alikuwa mjane wa miaka sabini na minne mwenye kiwanda kidogo cha kupasua mbao nyuma ya nyumba, na masikio yaliyochoka kwa sababu ya kiwanda hicho. Alimwekea Bernadine kahawa na ploye tatu, zile chapati za unga wa ngano nyeusi zinazopikwa upande mmoja, kisha akaweka kikopo cha tumbaku mbele ya sahani yake.

"Fungua."

Ndani kulikuwa na msumari wa inchi tatu, umekatwa kichwa, na ubavu wake ulikuwa umechongwa ukang'aa.

"Umetoka wapi, Mzee Ludger?"

"Ndani ya mti wa sukari, huu wa kugemwa utomvu mtamu. Mti wangu. Miaka mia moja na kumi, gogo limenyooka kama nini. Wiki iliyopita nauingiza kwenye msumeno, nasikia paa! Jino la msumeno limetoka, limepita ukuta wa bati, limeingia tairi la lori langu. Mimi nilikuwa nimeinama nafunga kiatu."

"Kwa nini ulikuwa unafunga kiatu msumeno ukienda?"

"Kwa sababu kilikuwa kimefunguka, Bernadine."

Bernadine aliutazama tena ule msumari. Kanuni ya kwanza ya chama, iliyoandikwa juu kabisa ya karatasi ya wanaojitolea, ni kwamba alama za njia hufungwa kwenye nguzo. Mti wa mtu haupigwi msumari. Mti huo kesho ni mbao, na mwenye mbao ana msumeno.

"Nimekwenda kutazama," Ludger alisema. "Miti mingine nayo ina madoa. Kando ya njia yenu yote. Mtu amepigilia, halafu amekata vichwa. Sijui ni nani, na sitaki kujua. Itoeni. Jumamosi asubuhi napita na mashine yangu ya kutafutia vyuma. Ikilia kwenye mti mmoja, mmoja tu, mnyororo unabaki mpaka nizikwe, na wanangu nitawaachia agizo."

"Tunaweza kuingia na pikipiki?"

"Kwa miguu."

"Utatuazima mashine?"

"Kula, zinapoa," Ludger alisema.

Bernadine hakuhitaji kuuliza nani. Mtu aliyetumwa Oktoba kuweka alama kwenye kipande kile alikuwa Alcide Levasseur, shemeji yake, mume wa dada yake Colombe. Alimkuta nyuma ya mkahawa wa Colombe, akimwaga maji ya kudekia.

"Shemeji, msitu wa Plourde uliweka alama ngapi?"

Alcide aliiweka ndoo chini polepole. Alikuwa na miaka sitini na sita, na hakuwa amewahi kufaulu kumdanganya mtu yeyote, ingawa hakuacha kujaribu. "Kwani kuna nini?"

"Ngapi?"

"Arobaini na nne."

"Kipande kile hakina njia panda hata moja. Mtu angepoteaje?"

"Wengine hupenda kuhakikishiwa."

"Na nguzo nilizokupa?"

"Nguzo zilikuwa nzito, shemeji. Na ardhi ilikuwa imeanza kuganda. Nikasema, msumari mmoja kila kibao, wakati wa masika nitarudi kupanga vizuri. Basi nikasikia mzee anataka kukata miti ya kando ya njia. Machi nikarudi kuviondoa."

"Kwa nini misumari hukuing'oa?"

"Mti ulikuwa umeganda, uliing'ang'ania. Ningeng'oa kwa nguvu gome lingepasuka. Mimi si mharibifu. Nikachukua mkasi wa chuma, nikakata vichwa, vibao vikatoka vizima." Alisubiri kidogo. "Vyote viko gereji. Havina hata mkwaruzo."

Bernadine alikwenda gereji akavihesabu. Vilikuwa arobaini na vinne. Kila kimoja kilikuwa na tundu moja, na kila tundu lilikuwa na duara la kutu kulizunguka. Hakukuwa na tundu bila kutu. Kwa hiyo misumari ilikuwa arobaini na minne. Mmoja ulikuwa ndani ya kikopo cha Ludger. Iliyobaki arobaini na mitatu ilikuwa msituni, haina vichwa, kwenye ukingo wenye miti zaidi ya elfu moja.

"Unaikumbuka miti yenyewe?"

"Mti ni mti, shemeji."

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi waliingia kwa miguu. Visubi walikuwa wameamka siku ile ile. Bernadine alibeba patasi, nyundo, koleo la kubana na ndoo ya bati. Saa ya kwanza walipata msumari mmoja, na walikuwa wameshaupita mara mbili. Chuma kikikaa ndani ya mti wa sukari huacha doa la buluu iliyokolea, lakini mti wa sukari una madoa ya kila namna, mengine ya kuvu, mengine ya kuzaliwa nayo tu.

Bernadine aliketi juu ya jiwe.

"Ulivyopigilia, ulikuwa umesimama wapi?"

"Sikusimama. Nilikuwa juu ya pikipiki."

"Hukuwahi kushuka?"

"Kushuka na kupanda mara arobaini na nne, na goti hili?"

"Mkono gani?"

"Kulia. Alama za kwenda nilipiga nikienda, za kurudi nilipiga nikirudi. Ishirini na mbili, ishirini na mbili."

Bernadine aliinuka. Mtu aliyeketi juu ya kiti kile kile, anayetumia mkono ule ule, bila kushuka, hupigilia misumari yake yote kwenye kimo kimoja na kwenye miti iliyo karibu na njia kiasi cha kufikiwa. Walichohitaji ni kiti cha pikipiki bila pikipiki. Alimtuma Alcide mkahawani, naye akarudi baada ya saa moja na dakika kumi amebeba begani kiti kirefu cha kaunta chenye ngozi nyekundu. Bernadine alikipima. Kilipungua kwa inchi nne na nusu. Alikifunga ubao chini ya miguu.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda hivi. Bernadine aliweka kiti katikati ya alama ya gurudumu. Alcide alipanda, akashika usukani usiokuwepo kwa mkono wa kushoto, akanyoosha nyundo kwa mkono wa kulia. Nyundo ilipogusa mti, Bernadine alipapasa gome kwa kiganja, upana wa shibiri juu na shibiri chini. Kisha kiti kilisogezwa hatua mbili.

"Colombe anauliza kiti kitarudi lini," Alcide alisema akiwa juu. "Kuna mteja wake wa kila siku amekalia kreti."

"Inama mbele kidogo. Ulikuwa umevaa koti zito?"

"Lile la kijani."

"Kesho njoo nalo."

"Shemeji, kuna joto."

"Koti lilikufupisha mkono. Njoo nalo."

Alhamisi walitoa misumari kumi na saba. Ijumaa Alcide alikuja na koti la kijani, na walitoa ishirini na mitano. Kila mmoja Bernadine alichimbua kwa patasi kidogo kuuzunguka, akaubana kwa koleo, akauvuta akiuzungusha, kisha akaziba tundu kwa nta ya nyuki, maana hakutaka Ludger apate sababu ya pili. Ijumaa saa kumi na mbili jioni ndoo ilikuwa na misumari arobaini na miwili. Na ule wa kikopo, arobaini na mitatu.

"Mmoja umebaki," alisema.

"Labda ndio ule uliovunja msumeno."

"Ule nimeuhesabu. Ndio namba moja."

"Labda niliupigilia mpakani, kwa Sirois."

"Kwa Sirois kuna nguzo. Nimepita mti kwa mti mchana, ulipokuwa unakula."

"Labda kibao kimoja sikukipigilia."

"Kina kutu."

Alcide alivua koti. Shati lake lilikuwa limegandamana mgongoni, na shingo yake yote ilikuwa imevimba kwa visubi. "Wewe ukipewa nyota uzihesabu, Mungu ataitwa kueleza zilizopungua."

Walirudia kipande chote mara moja zaidi, pande mbili, hadi saa mbili kasoro jua lilipozama nyuma ya misonobari. Hawakupata kitu.

"Sikiliza, shemeji," Alcide alisema njiani kurudi, kiti begani. "Kama sisi hatukuuona siku mbili, yeye hatauona kwa saa mbili. Akimaliza atafungua mnyororo. Ukweli wenyewe hautamuuma."

"Utauma msumeno."

"Mwaka gani? Labda mti huo hataukata kabisa. Bernadine, Jumamosi ya ufunguzi mwaka jana Colombe alipika sahani mia mbili na sita. Wote walikuja kwa njia hii."

Bernadine aliendelea kutembea. Alikuwa anaifahamu idadi hiyo, kwa kuwa yeye ndiye aliyemhesabia.

Jumamosi saa mbili na dakika tano asubuhi Ludger alifika kwenye mnyororo, amevaa viatu vya mpira na spika za masikioni, mashine imening'inia begani kwa mkanda. Alipitisha sahani ya mashine kwenye gome la mti wa kwanza, juu na chini, akaenda wa pili. Bernadine na Alcide walimfuata kwa umbali wa hatua kumi, kwa kuwa alisema kwamba viatu vya Alcide vina chuma.

Mashine ililia mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa kopo la bia chini ya majani. Ludger alimtazama Alcide.

"Mimi sinywi aina hiyo, Mzee."

Mara ya pili ilikuwa kiatu cha farasi kwenye mizizi. Ludger alikifuta tope akakitia mfukoni. Mara ya tatu ilikuwa ndoo ya Bernadine, aliyoisogeza karibu mno. Kwenye mti wowote, mashine haikulia. Mara nne Ludger alisimama mbele ya tundu lililozibwa nta, akalibonyeza kwa kidole gumba, akaendelea.

Saa tano na dakika kumi na mbili walikuwa wamerudi mwanzo. Upande wa pili wa mnyororo kulikuwa na pikipiki sita zikisubiri, injini zimezimwa, na watu wake wamekaa pembeni wakijipiga shavuni kwa sababu ya visubi. Ludger alivua spika, akatoa mfukoni karatasi ya ruhusa iliyokunjwa mara nne. Chini ya maandishi ya chama alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa kalamu ya seremala: *Misumari yote imetoka kwenye miti yangu.* Yeye alikuwa ameshatia sahihi.

"Weka yako."

Alcide alisogea asome begani mwa Bernadine.

Bernadine alichukua kalamu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa ameandika uzito wa lori baada ya kuuona, na kabla ya kuuona hakuwahi kuandika chochote, hata pale madereva walipomwapia kwa mama zao. Alifuta neno *yote*, akaandika juu yake *arobaini na mitatu kati ya arobaini na minne*, akaweka sahihi, akarudisha karatasi.

Ludger aliisogeza mbali na macho ili asome. Alisoma kwa muda mrefu kuliko urefu wa mstari.

"Shemeji," Alcide alisema kwa sauti ya chini, "umetumaliza."

"Mashine yangu imesema hakuna," Ludger alisema.

"Mashine yako imesema haikuuona. Vibao ni arobaini na vinne, vyote vina tundu, vyote vina kutu. Mmoja umo, kwenye mti ambao sijui ni upi, ukingoni mwa njia, futi tano hivi kutoka ardhini."

"Ungetia sahihi tu ningefungua."

"Najua."

"Halafu ningeukuta kwa msumeno."

"Ndiyo."

Ludger alikaa kwenye gogo. Mmoja wa waliokuwa wakisubiri alipaza sauti akauliza kama kuna tatizo. Ludger alikunja karatasi, akaikunjua. Dakika nne zilipita. Bernadine alizihesabu kwa kuwa hakuwa na kitu kingine cha kufanya.

"Nilisema mashine ikilia," Ludger alisema hatimaye. "Haikulia. Neno langu ni hilo, siwezi kuliongezea sasa. Lakini kando ya njia hii nina miti ya kukata miaka sita ijayo, na siwezi kila siku kufunga viatu wakati wa bahati." Aligeuka. "Wewe, Alcide. Ni wewe, sivyo?"

"Mzee, mimi..."

"Umebeba kiti cha mkahawa msituni siku mbili, ya pili umevaa koti la baridi. Nilikuona. Niliona niache tu." Alimwelekea Bernadine. "Kila gogo la kando ya njia likiingia kwenye msumeno, huyu anakuja kupokea mbao upande wa pili."

"Upande gani?" Alcide aliuliza.

"Ule jino linakorukia."

"Si ndiko jino lilikotoka kwenda kwenye tairi?"

"Tairi lilikuwa mbali zaidi. Wewe utakuwa karibu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka msumari wako upatikane. Ukipatikana gogo la kwanza, umemaliza siku hiyo hiyo."

"Na usipopatikana?"

"Mpaka iishe yote ya miaka sita. Miti mia moja na kumi."

Alcide alimtazama Bernadine. Bernadine alikuwa anatazama karatasi. Alcide aliwatazama wale watu sita upande wa pili, ambao wote mchana huu wangekuwa wakila kwa mke wake au wasingekuwa wakila popote.

"Nitapewa helmeti?"

"Unayo ya pikipiki."

"Hiyo ina kioo cha mbele kilichopasuka."

"Basi nunua kioo," Ludger alisema.

"Shemeji, sema kitu."

"Vaa koti la kijani," Bernadine alisema. "Ni zito."

Alcide alikubali. Bernadine aliyaandika masharti nyuma ya karatasi, mistari mitatu, bila kivumishi: nani, upande gani, mpaka lini. Walitia sahihi wote watatu wakitumia mgongo wa Alcide kama meza, kwa kuwa ndio ulikuwa mpana kuliko mwingine wowote uliokuwepo. Ludger alifungua mnyororo mwenyewe. Alianza upande wa kushoto, akauvuta polepole ili usikwaruze gome, akakunja vipande vya mpira akavitia mfukoni pamoja na kiatu cha farasi.

Saa tano na dakika hamsini na tatu pikipiki ya kwanza ilipita. Aliyeiendesha alikuwa mwanamke mwenye kofia ya manjano, na nyuma yake alikaa mbwa ndani ya kreti. Aliinua mkono. Ludger hakuinua wake. Saa tano na dakika hamsini na tano ikapita ya pili.